Jalada Nalo ni Hoja: Dhidi ya Herufi za Uchakavu Bandia

Wahakiki wa fasihi ya Kiafrika tumezoea kuanza kazi yetu katika ukurasa wa kwanza, kana kwamba jalada ni shughuli ya mfanyabiashara isiyotuhusu. Makala haya yanapinga mazoea hayo. Jalada ndilo uhakiki wa kwanza wa kitabu, na aghalabu uhakiki huo ni potofu. Herufi nene, zilizomeguka kingo na kutiwa mikwaruzo mithili ya zilizochongwa kwa shoka, zimekuwa kama sare ya vitabu vinavyohusu Afrika.

Asili ya sare hiyo si Afrika. Mnamo 1923 herufi za Neuland zilitolewa Offenbach, Ujerumani. Aliyezibuni, Rudolf Koch, alizikata kwa mkono moja kwa moja katika chuma bila kuzichora kwanza. Ndiyo sababu umbo la herufi moja hubadilika kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Ukali wake ulikuwa alama ya kifaa cha fundi, wala hazikubuniwa kwa ajili ya bara letu. Wachapishaji wa Magharibi ndio waliozitwaa baadaye ziwakilishe Afrika na watu weusi. Mwaka 1993 jamii ya herufi hizo hizo ikatumika katika nembo ya filamu ya Jurassic Park. Herufi zifaazo wanyama waliotoweka zinapobandikwa juu ya riwaya ya Mwafrika, zinadai nini isipokuwa kwamba naye ni wa pori na wa kale?

Dai hilo linakanushwa na historia. Utendi wa Tambuka huhesabiwa kuwa wa mwaka 1728, na hati za Pate na Lamu ziliandikwa kwa wino, kwa khati za Kiarabu zilizopimwa kwa makini. Kuuvika urithi huo herufi za shoka ni kuukana wino wake.

Wapo watakaosema kwamba herufi nzito huvuta macho, na kwamba mikwaruzo huashiria mapambano. Hoja ya uzito tunaikubali. Hata mikwaruzo ina haki yake katika bango lililochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa kwa mkono wenye haraka. Lakini tazama neno AFRIKA katika nyingi ya herufi hizi za kompyuta: A ya kwanza na A ya mwisho zimemeguka mahali pale pale. Uchakavu huo haukuletwa na wakati wala na mkono, umenakiliwa. Katika ushairi tungeuita takriri isiyo na dhima, na tungemkosoa mtunzi bila kusita.

Basi tumkosoe na msanifu. Tasnifu za wanafunzi wetu zilisome jalada kama sehemu ya fani, na waandishi wadai katika mikataba yao haki ya kulikubali au kulikataa jalada kabla ya kitabu kupigwa chapa. Tukinyamaza, vitabu vyetu vitaendelea kuhukumiwa kabla ya kufunguliwa, na hukumu hiyo tutakuwa tumeiidhinisha wenyewe.