Bosnia na Mamlaka Yasiyokatiwa Rufaa

Miaka yapata thelathini imepita tangu vita vya Bosnia na Herzegovina vikome, na nchi ile, ijapokuwa ina bunge lake, mahakama zake, wakuu wake watatu wanaopokezana kiti cha urais, na bendera yake mbele ya Umoja wa Mataifa, ingali na mtu mgeni mmoja, asiyepigiwa kura na raia hata mmoja wa huko, ambaye akipenda aweza kutunga sheria kwa kalamu yake mwenyewe, kuitangua sheria iliyopitishwa na wabunge, au kumwondoa kazini mtu aliyechaguliwa na maelfu. Huitwa Mwakilishi Mkuu, na ofisi yake iko Sarajevo. Rai yangu ni kwamba kazi ya mtu huyo ilianza kwa haki na ilileta manufaa makubwa. Lakini mamlaka ambayo hayana mahali pa kukatiwa rufaa hayawezi kuwazoeza watu utawala wa sheria, na Umoja wa Ulaya, ambao umeuweka utawala wa sheria kuwa sharti la kuipokea Bosnia, una wajibu wa kulinyoosha jambo hilo.

Anayestaajabu kwamba nguvu za namna hiyo zilipata kukabidhiwa mgeni hana budi kukumbuka yaliyotangulia. Baina ya mwaka 1992 na 1995 watu wapatao 100,000 waliuawa katika nchi ambayo kabla ya vita haikufikia watu milioni nne na nusu, wengine zaidi ya milioni mbili wakayakimbia makazi yao, na mwezi Julai 1995, katika mji wa Srebrenica ambao Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza kuwa mahali pa salama, wanaume na wavulana wa Kiislamu zaidi ya 8,000 waliuawa katika muda wa siku chache, mauaji ambayo mahakama za kimataifa zimeyahukumu kuwa ni mauaji ya kimbari. Sulhu ilipatikana katika kambi ya jeshi la anga karibu na mji wa Dayton nchini Marekani, ikatiwa sahihi Paris tarehe 14 Desemba 1995. Mkataba ule uliigawa nchi katika sehemu mbili, Shirikisho la Wabosniaki, ambao aghalabu ni Waislamu, pamoja na Wakroatia, na kwa upande wa pili Republika Srpska, yaani jamhuri ya Waserbia, juu yake ikawekwa serikali kuu dhaifu. Katiba yenyewe ilikuwa nyongeza ya 4 ya mkataba, na nyongeza ya 10 ndiyo iliyomweka Mwakilishi Mkuu asimamie utekelezaji wa mambo ya kiraia. Wa kwanza, Carl Bildt wa Sweden, hakuwa na silaha isipokuwa shauri. Na kwa kuwa waliopigana ndio waliokuwa wangali na vyama na vyeo, shauri lake lilipuuzwa. Ndipo Desemba 1997, mjini Bonn, Baraza la Utekelezaji wa Amani, yaani baraza la nchi na jumuiya zinazousimamia mkataba, lilipotamka kwamba Mwakilishi Mkuu, akiona pande zimeshindwa kuafikiana, aweza kuamua mwenyewe, na aweza kuwachukulia hatua wenye vyeo wanaokwenda kinyume na mkataba.

Aliyeyatumia kwanza mamlaka hayo alikuwa Carlos Westendorp wa Hispania, na katika matendo yake limo moja ambalo napenda kulisimulia kwa urefu, kwa sababu ladhihirisha wema ulioweza kutendeka. Baada ya vita kila upande ulikuwa na vibao vyake vya namba za magari, vyenye alama zake na mwandiko wake, hata dereva aliyevuka mpaka uliomo ndani ya nchi yake mwenyewe alikuwa ameibandika nasaba yake mbele na nyuma ya gari, na askari wa upande wa pili, au kijana mwenye jiwe mkononi, hakuwa na haja ya kumwuliza jina. Mkataba uliwapa watu uhuru wa kwenda watakako, lakini khofu iliwaweka pale pale. Wanasiasa walibishana bila ya kuafikiana. Westendorp akaamuru mwaka 1998 vitumike vibao vya aina moja nchi nzima, visivyotaja mji wala jimbo, vyenye tarakimu pamoja na herufi zile tu ambazo huandikwa kwa umbo moja katika mwandiko wa Kilatini na wa Kikirili, yaani A, E, J, K, M, O na T, asiweze mtu kujua kwa kulitazama gari kwamba mwenyewe ni Mserbia, Mkroatia au Mbosniaki. Barabara zilizokuwa zimefungwa bila ya kizuizi zikafunguka. Bendera ya pamoja na sarafu ya pamoja, mark iliyofungamanishwa na mark ya Ujerumani na baadaye na yuro, nazo zilitoka katika miaka ile. Na mrithi wake, Wolfgang Petritsch wa Austria, alipozitia nguvu mwaka 1999 sheria za kuwarudishia wakimbizi nyumba zao, nyumba zipatazo laki mbili zilirejea kwa wenyewe katika miaka michache iliyofuata, nyingi mikononi mwa watu waliofukuzwa kwa mtutu wa bunduki na walioambiwa kwamba hawatarudi kamwe. Sijui bunge gani la nchi iliyotoka vitani lingaliweza kulitenda hilo kwa hiari yake wakati ule, na wale wanaoilaani ofisi ile tangu siku yake ya kwanza huwafanyia dhulma waliopata tena funguo zao kwa ajili yake.

Walakini mamlaka hayo yalianza kuzaa ada mbaya pande zote mbili. Mwanasiasa wa Sarajevo au wa Banja Luka, makao ya serikali ya Republika Srpska, alipokuwa na jambo gumu ambalo lingemwudhi mpiga kura wake, alijifunza kulikataa kwa kishindo na kungoja mgeni alilazimishe, naye abaki na fahari ya kuwa mtetezi wa kabila. Na mgeni naye, kila alipoona bunge linasitasita, alikuwa na kalamu mezani. Tarehe 30 Juni 2004 Paddy Ashdown, Mwingereza aliyekuwa Mwakilishi Mkuu wakati huo, aliwaondoa kazini watumishi na viongozi wa Republika Srpska wapatao sitini kwa siku moja, kwa sababu Radovan Karadžić, kiongozi wa Waserbia wa Bosnia wakati wa vita, aliyekuwa akitafutwa na mahakama ya The Hague, alikuwa hajakamatwa. Yawezekana wengi wao walistahili. Lakini hapana aliyeitwa akasomewa shitaka, akasikilizwa utetezi wake, wala akapewa siku ya kukata rufaa, na Tume ya Venice, ambayo ni jopo la wanasheria wa Baraza la Ulaya, ilisema mwaka 2005 kwamba mwendo huo haupatani na kanuni za demokrasia.

Yaliyofuata ndiyo yanayonitia uchungu. Baadhi ya walioondolewa walikwenda mbele ya Mahakama ya Katiba ya Bosnia, mahakama yenye majaji tisa ambao watatu miongoni mwao ni wageni wanaoteuliwa na rais wa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2006 mahakama hiyo iliamua kwamba dola lina wajibu wa kuwapatia watu kama hao njia ya kudai haki. Mwezi Machi mwaka uliofuata Mwakilishi Mkuu wa wakati ule, Christian Schwarz-Schilling, akatoa amri ya kuiondolea hukumu ile nguvu zote, akatamka kwamba hatua za ofisi yake hazihojiwi na mahakama yoyote ya nchi bila ya idhini yake. Wengine walikwenda Strasbourg, kwenye Mahakama hiyo ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Na huko nako, Oktoba 2007, waliambiwa kwamba matendo ya Mwakilishi Mkuu yahesabiwa kuwa ya Umoja wa Mataifa, basi mahakama haina uwezo wa kuyasikiliza. Mtu akafukuzwa kazi na kuzuiliwa kugombea cheo, na katika Ulaya yote pasiwe na kadhi wa kumsikiliza.

Sisi wa Afrika ya Mashariki twaujua udhamini wa kimataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikaa chini yake mpaka mwaka 1961. Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi, walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mwaka 1952 mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaishitaki serikali iliyokuwa ikiwatawala. Hawakurudishiwa ardhi yao kwa safari ile. Lakini malalamiko yao yaliandikwa, mtawala akalazimika kujibu hadharani, na miaka mitatu baadaye Julius Nyerere alisimama mbele ya baraza lile lile kudai nchi ipewe ahadi ya kujitawala. Udhamini ule ulikuwa na kasoro nyingi, na aliyetawala alikuwa mkoloni, ila ulikuwa na mlango wa mlalamikaji. Haielekei kwamba mkulima wa Meru chini ya Uingereza awe alikuwa na mahali pa kulalamika, na diwani wa Bosnia, chini ya usimamizi wa nchi zinazojiita kielelezo cha haki, asiwe napo.

Katika jambo la Ulaya, mambo yamekwenda kwa mwendo wa kobe. Bosnia ilitia sahihi makubaliano ya ushirikiano na Umoja wa Ulaya Juni 2008, ikaomba uanachama Februari 2016, ikapewa mwaka 2019 masharti 14 ya kutimiza, ikaitwa mgombea Desemba 2022, na Machi 2024 wakuu wa Ulaya wakaafiki mazungumzo ya kuingia yafunguliwe. Kamisheni ya Ulaya yenyewe, katika waraka wake wa mwaka 2019, ilikiri kwamba usimamizi mkubwa wa wageni kimsingi haupatani na uhuru wa nchi wala na uanachama. Basi ofisi ile lazima ifungwe siku moja, na tangu Februari 2008 imekwisha wekewa malengo matano na masharti mawili ya kufungwa kwake. Mpaka leo hayajatimia, kubwa lake likiwa ni ugawaji wa mali za dola, ambazo Banja Luka yadai ni zake na Sarajevo yadai ni za wote.

Na katikati ya hayo limekaa shauri la Dervo Sejdić na Jakob Finci. Katiba ya Dayton yasema kwamba wakuu watatu wa nchi sharti wawe Mbosniaki mmoja, Mkroatia mmoja na Mserbia mmoja, na Baraza la Watu la bunge nalo limegawanywa watano watano kwa mafungu hayo hayo. Sejdić ni Mroma. Finci ni Myahudi, na jamaa za Kiyahudi zimeishi Sarajevo kwa karne kadhaa. Finci aliandikiwa na tume ya uchaguzi kwamba hawezi kugombea urais kwa sababu ya asili yake, ilhali nchi hiyo hiyo ilimwona anafaa kuwa balozi wake Uswisi. Tarehe 22 Desemba 2009 Mahakama ya Strasbourg ilihukumu kwamba huo ni ubaguzi. Wazee wetu waliopiga kura tatu mwaka 1958 na 1959, wakilazimika kila mmoja kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa karatasi moja, wangaliitambua mara moja kanuni inayomhesabu raia kwa rangi au kabila kabla ya kumhesabu kuwa raia. Lakini wao angalau waliruhusiwa wote kuwamo katika mafungu yale, na mpango wenyewe haukudumu. Ule wa Bosnia wadumu, na hukumu ya mwaka 2009 haijatekelezwa. Naona ni aibu kwamba Mwakilishi Mkuu, aliyeweza kubadili bendera na vibao vya magari, na ambaye jioni ya uchaguzi wa tarehe 2 Oktoba 2022, Christian Schmidt wa Ujerumani akiwa ndiye mwenye cheo, aliibadili katiba ya Shirikisho mara tu vituo vya kura vilipofungwa, hakupata kuwatoa raia hawa katika kifungo chao. Na ni aibu kubwa zaidi kwamba Ulaya, iliyoitumia hukumu hiyo kwa miaka kuwa sharti la kusonga mbele, iliiacha kando ilipoona haja ya kuharakisha.

Nimesikia hoja ya wale wasemao kwamba ofisi hiyo ikifungwa Milorad Dodik, aliyekuwa rais wa Republika Srpska, na wafuasi wake wataipasua nchi, na hoja hiyo siidharau. Dodik amekanusha mauaji ya kimbari ya Srebrenica na ametishia mara kwa mara kuitenga Republika Srpska. Hapana mtu mwenye insafu atakayemtetea. Lakini yatazame yaliyotokea. Mwezi Julai 2023 Schmidt aliongeza kwa amri yake kosa jipya katika sheria ya jinai, kosa la kutotii maamuzi ya Mwakilishi Mkuu. Dodik akashitakiwa kwa kosa hilo, na Februari 2025 mahakama ya Sarajevo ikamhukumu kifungo cha mwaka mmoja na kutoshika cheo kwa miaka sita, hukumu iliyothibitishwa Agosti. Majaji walikuwa wenyeji na walifanya kazi yao kwa ujasiri. Ila sheria waliyoitumia haikutoka kwa mjumbe yeyote wa raia, na hilo pekee lilimpa Dodik nafasi ya kujivika joho la mwenye kuonewa mbele ya watu wake, joho ambalo hangalipata kama sheria ingalikuwa ya bunge lao.

Kwa hiyo sisemi ofisi ifungwe kesho, maadamu mali za dola hazijagawanywa na majeshi ya Ulaya yaliyoko huko tangu Desemba 2004 yangali na kazi. Nasema iwekewe siku inayojulikana, na kabla ya siku hiyo, kuanzia sasa, asiondolewe mtu wala isitungwe sheria kwa amri bila ya kuwapo jopo la majaji ambalo aliyeguswa aweza kuliendea. Na Umoja wa Ulaya uirudishe hukumu ya Sejdić na Finci mwanzoni mwa orodha ilikotoka. Katika Kamati ya Uongozi ya Baraza la Utekelezaji wa Amani wamo Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Japani, Kanada, Umoja wa Ulaya, na Uturuki kwa niaba ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu. Mamlaka ya Bonn hayakuandikwa katika mkataba wa Dayton. Yalitokana na kauli ya baraza hilo hilo, iliyotolewa katika kikao kimoja bila ya kumwomba ridhaa Mserbia, Mkroatia wala Mbosniaki. Kauli nyingine ya kuyapa mahakama ya rufaa nayo haina haja ya ridhaa ya Dodik wala ya chama chochote cha huko, na yaweza kutolewa katika kikao chao kijacho.