TAHARIRI: Faili la Mgonjwa ni Amana
Wapo wagonjwa ambao, wanapohama tabibu, hunyimwa maelezo ya maradhi yao. Matokeo yake hulipia upya vipimo vilivyokwisha kufanywa, au hupewa penisilini ilhali miili yao haiivumilii, kwa kuwa tabibu mpya hana habari.

Karatasi yaweza kuwa ya hospitali. Habari za mwili ni za mwenyewe. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, kuzirejesha amana kwa wenyewe. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inampa mtu haki ya kuzipata taarifa zake.

Ndugu Muislamu, omba nakala kabla hujahama. Nawe mwenye zahanati, usiizuie kwa hasira; kesho mbele ya Mola wako utaulizwa.

Wabillahi Tawfiiq.