Washambuliaji hawaanguki kutoka mbinguni

Wandugu vijana wa Lubumbashi, na ninyi wote wenye Mazembe moyoni,

Kila mara Mazembe inakosa goli, wimbo ni ule ule: "Balete mushambuliaji mupya!" Mimi nasema hapana. Tumeuimba wimbo huo miaka mingi, tumefika wapi?

Tukumbuke 2015. Mbele tulikuwa na Samatta na Ulimwengu wa Tanzania, Kalaba wa Zambia, Assalé wa Côte d'Ivoire. Tulipiga USM Alger 2-1 kwao, 2-0 hapa Kamalondo, Kombe la tano la mabingwa wa Afrika likaingia nyumbani. Samatta alitia goli mechi zote mbili. Januari 2016 alikuwa amekwenda Genk. Mwanzo wa 2017 Assalé na Ulimwengu nao walikuwa Ulaya. Tulibeba Kombe la Shirikisho 2016 na 2017, sikatai. Lakini Ligi ya Mabingwa hatujaishika tena.

Simlaumu kijana anayeondoka. Nani hapa hatafuti maisha? Na musiniambie Mukongomani hajui kufunga. Fiston Mayele alitoka V.Club akaenda Yanga 2021. Mwaka 2025 alibeba Ligi ya Mabingwa na Pyramids, akafunga kwenye fainali. Magoli tunayo. Tunashangilia kwenye televisheni tu, ya wengine.

Mutasema: "Akademi si iko?" Iko, tangu 2012, na ni kazi nzuri. Lakini akademi inachagua mtoto ambaye tayari anajua mupira. Huyo mtoto alijifunzia wapi?

Alijifunzia mtaani. Na mtaani tunaua mupira sisi wenyewe. Kiwanja nilichochezea mimi kilikatwa parsele, kikauzwa. Leo kuna kuta. Mimi nina diplome, kazi sina, basi kila asubuhi nafundisha batoto barabarani, katikati ya pikipiki. Mushambuliaji anahitaji nafasi ya kukimbia mbele ya goli. Wangu wanajifunza kusimamisha mupira kila taxi inapopita!

Kuna jambo wengi hawalijui. Sheria ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa nje ya nchi mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Hata kilabu kidogo kina haki. Lakini lazima mtoto awe ameandikishwa rasmi katika kilabu hicho. Mimi majina ya batoto niko nayo katika kaye ya shule. Mmoja akiuzwa kesho kwa mamilioni, kaye yangu haitanunua hata mupira mmoja.

Ndiyo maana safu ya mbele inakufa kila ikiuzwa: pesa ya mchezaji hairudi pale alipozaliwa kimpira.

Tunadai mambo matatu. Viwanja vilivyobaki vya mitaa viwe na hati, visiguswe. Kuandikisha batoto chini ya miaka 15 kuwe bure. Na kila mchezaji akiuzwa, watangaze asilimia 5 ilikwenda kwa nani.

Mashabiki, tukiwa uwanjani tuna sauti. Badala ya kumzomea kijana wa miaka 19 aliyekosa goli, tuulize kwa sauti hiyo hiyo: kiwanja cha mtaa wetu kiliuzwa na nani?

Anzeni leo. Andikeni jina la kiwanja cha kwenu, na kama bado kiko. Orodha hiyo tutaipeleka kwa meya, mikononi mwake.