Jino la Pembe si Dawa ya Pengo

Msomaji, fikiri umevunjika mguu, ukapelekwa hospitali, ukamkuta daktari ameshika msumeno. Akuambie kwamba hapo miguu haiungwi, hukatwa tu. Bila shaka ungelia kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, na jirani wote wangekuwa upande wako. Lakini katika hospitali zetu za umma, watoto kwa wazee huingia na meno ambayo yangeweza kuponywa wakatoka na mapengo, wala hapana apigaye kelele. Tumezoea, na jambo baya likizoeleka huvaa nguo za jambo jema.

Asubuhi moja nilikaa katika baraza ya hospitali moja ya umma nikingoja zamu yangu. Kando yangu aliketi mama na mwanawe wa miaka minane, ambaye jino lililotoboka lilikuwa limemnyima usingizi. Walikuwa wametoka kijijini alfajiri kwa nauli ya kukopa. Zamu yao ilipofika waliambiwa kuwa dawa ya kuzibia meno imekwisha. Warudi mwezi ujao, au mtoto ang'olewe siku ile ile. Mama hakuwa na nauli ya pili. Jino likang'olewa. Alipotoka alijifariji akisema, "Si neno, ni la utoto, litaota jingine." Mhudumu aliyesimama mlangoni alitikisa kichwa. Lilikuwa gego la kudumu, na hapana jingine litakaloota mahali pake maisha yote ya mtoto yule.

Usimcheke mama huyo, maana wengi wetu hatujui ajualo mhudumu yule. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto afikapo umri wa miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, wala haling'oi jino lolote ili lipate nafasi. Huja kimya kama mgeni wa usiku. Mzazi hudhani ni la utoto, huliacha lioze, kisha hulitoa bila majuto.

Wako watakaosema kwamba hata hivyo meno ya utoto huanguka yenyewe, basi ya nini kuyahangaikia? Nawajibu kwamba meno hayo 20 ndiyo yanayowashikia nafasi wenzao watakaokuja. Yakitolewa kabla ya wakati wake, yale ya jirani huinama na kuziba njia, na meno mapya huota yamepandana. Tena mtoto mwenye maumivu hatafuni, halali, wala hasikii mwalimu asemalo. Yuko pia mzazi ambaye hampeleki mwanawe kwa daktari kwa kuogopa kilio cha sindano. Huyo akumbuke kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wengine watasema kwamba kuziba jino kwataka mashine, umeme na fedha nyingi, na hospitali za mashambani hazina vitu hivyo. Udhuru huu umekwisha kuzeeka. Katikati ya miaka ya 1980, jirani zetu wa Tanzania walianza kutumia njia ya kuondoa sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, kisha tundu likajazwa saruji ya meno inayoshikamana nalo. Njia hiyo haihitaji umeme, na mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Imeenea ulimwenguni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya mswaki yenye floridi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Kitu kilichoandikwa katika orodha moja na dawa ya malaria hakiwezi kuitwa anasa ya matajiri wa mjini.

Lawama nyingine ni yetu sisi watu wazima. Jino likianza kuuma twalisukutua kwa maji ya chumvi, twalitia karafuu, twameza vidonge vya maumivu. Uchungu ukitulia twasema limepona, kumbe uozo waendelea ndani. Twafika hospitali limebaki kisiki, na hapo hata daktari hodari hana la kufanya ila kung'oa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kinywani, yaani meno ya bandia, ni ghali kuliko ufa, wala haulingani na ule wa asili. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Lakini mgonjwa anayewahi naye akute kitu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, humpa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na ibara ya 53 humpa kila mtoto haki ya matibabu. Haikusema kwamba mwili waanzia chini ya kidevu. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi madai yetu yana mlango wa kubisha. Twataka saruji ya meno isikosekane pale ambapo koleo halikosekani. Twataka wahudumu wa afya ya kinywa wafike katika shule za msingi, wayatazame magego ya watoto kabla hayajatoboka.

Wewe usomaye haya, usingoje kuwa waziri. Jioni hii mwambie ndugu yako mdogo afunue kinywa mbele ya taa, uhesabu meno yake, utazame nyuma kabisa. Ukiona doa jeusi, wape wazazi habari kesho asubuhi, wala si siku atakapolia. Na kaunti yako itakapowaita wananchi kusema juu ya makadirio ya fedha, mkumbushe baba au mama asimame aulize swali moja: mwaka huu mmenunua saruji kiasi gani, na mmeng'oa meno mangapi?