Haiku si Kuhesabu Vidole

Umezuka mtindo wa kuisifu haiku, utungo mfupi wa Kijapani, kuwa dawa ya nafsi iliyochoka. Mtu huambiwa akae juu ya mawe ya Mwanza jua linapokuchwa, avute pumzi, ahesabu silabi tano, saba, kisha tano, naye atainuka akiwa ametulia na tena amekuwa mshairi. Ushauri huu una nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito.

Ni kweli kwamba haiku hufundisha kutazama. Masaoka Shiki (1867–1902), aliyeupa utungo huu jina lake la leo, alimtaka mshairi akichore kitu kama kilivyo mbele yake. Kosa ni kudhani kwamba kutazama ni kustarehe. Kobayashi Issa (1763–1828) aliwatungia nzi na viroboto, na akawazika watoto wake huku akitunga. Haiku haikumwondolea msiba. Alitunga akiwa ndani yake.

Basi mtunzi wa Mwanza hutazama nini? Mara nyingi maji ya buluu, machweo na ndege mweupe, yaani picha ya kalenda. Wapo hata wanaoleta theluji na maua ya cheri, kana kwamba Ziwa Victoria halina vitu vyake. Hawazioni karabai za wavuvi wa dagaa zikitapakaa usiku wa kiza na kupotea mwezi ukipevuka. Hawawaoni wadudu wa ziwani wakiinuka majini kama moshi. Haiku ya asili hudai neno la majira, na msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa maana yake: "kaskazi" peke yake humletea joto na majahazi, na "kusi" bahari iliyochafuka. Ziwa nalo lina kalenda yake, nayo imo vinywani mwa wavuvi.

Kitu kingine wasichokitaka ni magugu maji, yaliyoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba mialo. Jina lenyewe lina silabi tano kamili:

Magugu maji:
mtumbwi wasubiri
upepo uje.

Hapa hapana ufundi mkubwa. Lakini yupo mtu aliyesimama mwaloni akaona kinachozuia riziki ya jirani.

Walinzi wa vina watasema huo si ushairi. Ugomvi huo ni wa zamani. Ulimkuta Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa Kichomi mwaka 1974. Nao wasikie jambo hili: Mjapani huihesabu "n" ya mwisho wa neno kuwa kipimo kamili, kama Mswahili anavyoihesabu "m" ya "mtu" kuwa mizani. Wote wawili hupima kwa sikio. Hata hivyo, walinzi hao wana haki katika jambo moja: silabi 17 pekee hazimfanyi mtu kuwa mshairi. Wala vina pekee havimfanyi.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Anayeutafuta utulivu wa ziwa kwa kuyafuta hayo hajalitazama ziwa. Amelifanya kioo, akajitazama mwenyewe. Hii si kusema kila haiku iwe maombolezo. Ziwa lina watoto wanaoogelea, lina furu kikaangoni na mvua inayokuja kutoka upande wa visiwa. Linalodaiwa ni kwamba mtunzi asichague la kuliona kabla hajafika majini, na asilikimbie lile linalomuumiza kwa sababu tu alikwenda kutafuta raha.

Wanaotaka kuifundisha haiku Mwanza na wayaache mawe kwa siku moja. Wawapeleke wanafunzi wao Mwaloni Kirumba asubuhi, penye magunia ya dagaa, jasho na kelele za bei. Wakae hapo saa nzima bila kalamu. Kisha waandike walichokiona, na vidole vya kuhesabia viwe vya mwisho. Utulivu ukiwajia baada ya hapo, watakuwa wameupata kwa haki.