Mtoto Wako Ananunua Bunduki Gani?



Wazazi wengi wanaolalamikia michezo ya bunduki ya kwenye simu na kompyuta hulalamikia milio yake. Mlango umefungwa, ndani risasi zinarindima, kijana anawapigia kelele watu asiowaona, na adhana ya Isha imekwisha kutolewa. Lalamiko hilo ni la haki. Hata hivyo, mzazi akiketi kando ya mwanawe na kutazama kabla risasi hazijaanza, ataona jambo lenye kustahili mazungumzo marefu zaidi: kijana yule yuko dukani. Anachagua silaha, na uchaguzi wenyewe ni wa namna mbili ambazo katika mizani ya sheria yetu hazifanani hata kidogo.

Tuchukue mfano wa Counter-Strike, mchezo wa kampuni ya Marekani iitwayo Valve. Timu mbili za watu watano watano hupambana kwa duru, na kwa kawaida timu inayotangulia kufikisha ushindi wa duru 13 ndiyo mshindi. Upande mmoja hutega bomu, upande wa pili huzuia. (Wanaotega wameitwa magaidi, na uwanja mashuhuri kuliko yote, Dust II, ni mji wa jangwani wenye matao na kuta za Kiarabu. Hilo lingetosha makala nzima, leo nalipita.)

Kila mchezaji huanza na dola 800, fedha ya mchezo tu isiyonunua hata andazi. Fulana ya kuzuia risasi ni 650. Akiinunua, hubakiwa na 150 na bastola aliyopewa bure. Akiiacha, aweza kupata bomu la moshi kwa 300 na mengine madogo, lakini kifua chake ki wazi. Duru zinazofuata humletea malipo: aliyeshinda hupata zaidi, na anayeshindwa mfululizo huongezewa kidogo kidogo hadi 3,400, ili asifilisike kabisa. Bunduki ya AK-47 ni 2,700. AWP, ile ndefu ya kudungulia kutoka mbali, ni 4,750, na aliyeinunua akifa, bei yote hiyo imekwenda naye, labda mwenzake aiokote.

Hapa ndipo akili inapopimwa. Kofia ya chuma huongeza dola 350 juu ya bei ya fulana, na mchezaji mgeni huinunua kila mara kwa kuwa jina lake linatia moyo. Mzoefu anajua kwamba risasi moja ya AK-47 ikipiga kichwa, kofia haimwokoi. Basi akiwa anawakabili wenye AK-47, mara nyingi huiacha na kuitumia fedha ile kwa bomu la moshi, ambalo litafunga njia na kuwafaa wenzake wote wanne. Vilevile timu ikiwa imepungukiwa, hukubaliana wote wasinunue kitu duru hiyo, wapigane kwa bastola, ili duru ijayo wawe kamili. Akitokea mmoja akanunua peke yake kwa pupa, amewaharibia wote. Na mwenye ziada humnunulia asiyenacho na kumtupia bunduki mguuni.

Sitatoa fatwa kuhusu michezo hii kwa jumla. Wanavyuoni wametofautiana, na suala la picha, muda na ukatili lina mlango wake. Wala siwaungi mkono vijana wanaonijia msikitini na hoja kwamba Mtume (S.A.W.) alihimiza kulenga shabaha. Aliyehimizwa kulenga alikuwa na upinde mzito mkononi na jua kichwani, na misuli yake ilijua hivyo. Ninachosema ni kwamba duka hili la kwanza halina kamari ndani yake. Bei inajulikana, bidhaa inajulikana, fedha ni ya mchezo, na anayeshindwa hakupoteza mali ya mtu.

Duka la pili ni jingine kabisa, na lilifunguliwa Agosti 2013. Valve ilianza kuuza mapambo ya silaha, ambayo vijana huyaita skini: bunduki ile ile, yenye nguvu ile ile, ila imepakwa rangi na nakshi. Mapambo hayo huja ndani ya makasha yaliyofungwa. Mchezaji hununua ufunguo kwa dola 2.49, na hii ni dola ya kweli, kisha picha huzunguka mbele ya macho yake na kusimama pale panapopendeza kampuni. Mwaka 2017, kwa kuwa sheria ya China ilitaka uwazi, uwezekano ulitangazwa huko. Karibu makasha manne katika kila matano, yaani asilimia 79.92, hutoa pambo la daraja la chini kabisa. Kile kisu ambacho kila kijana anakiota ni asilimia 0.26. Kwa wastani ni kasha moja katika 385, yaani funguo za karibu dola 960, zaidi ya shilingi milioni mbili za Tanzania, kwa ajili ya picha ya kisu.

Mali inatolewa, kinachopatikana hakijulikani, mmoja anapata na wengi wanakosa. Aliyesoma Suratul Maida aya ya 90 hahitaji kufasiriwa. Hata wasio Waislamu wameliona: mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema makasha ya mchezo huu yanavunja sheria yao ya kamari, na kampuni ikazuia kufunguliwa kwake nchini humo. Ufaransa mwaka 2019 walipewa kifaa cha kuona kilichomo kabla ya kulipa. Kwa haraka mtu angesema gharar imeondoka. Lakini ukishaona, huwezi kuchungulia kasha la pili mpaka umenunua kile ulichokiona. Ujinga haukuondolewa, umesogezwa hatua moja mbele.

Hapa kwetu vijana wengi hawana kompyuta. Wanacheza Free Fire na PUBG Mobile kwa simu ya baba au ya mama. Bunduki huokotwa njiani bila malipo, na kujua ipi iachwe ni ujuzi kama ule wa kwanza. Lakini duka la pili limo humo humo: almasi za kununua kwa fedha halisi, magurudumu ya bahati ya kuzungushwa. Na katika Free Fire baadhi ya mapambo ya bunduki huja na nyongeza ya nguvu, hivyo mtoto wa jirani aliyezungusha sana huingia uwanjani akiwa na faida, na wa kwako anarudi kwako kuomba namba ya siri.

Mzazi anayepiga marufuku vyote kwa neno moja huwa hajamfundisha mwanawe kutofautisha, na kijana ataendelea kwa simu ya rafiki. Mwulize, “Mwanangu, duru hii kwa nini umeacha kofia?” Atashangaa, kisha ataeleza kwa furaha. Mkiisha kuelewana, mwambie akufungulie ghala la mapambo yake, akuoneshe kipi alipewa, kipi alinunua kwa bei iliyoandikwa, na kipi kilitoka kwenye kasha. Kisha badilisheni namba ya siri ya malipo usiku huo huo, na katika mipangilio ya simu muweke sharti la kuulizwa kila ununuzi.