Dawa ya Kiungulia: Mpaka Lini?

Mwanafunzi akiokota kipande cha tumbawe katika ufuo wa Kilwa Kisiwani na kukikamulia ndimu, ataona mapovu yakichemka juu yake. (Aokote ufuoni, asibandue kuta za magofu, ambazo tangu mwaka 1981 ni urithi wa dunia.) Kinachoyeyuka ni kalsiamu kaboneti, chumvi ile ile iliyomo katika vidonge vingi vya kuimarisha mifupa. Katika maji matupu chumvi hiyo haiyeyuki ila kidogo sana. Sharti ipate tindikali. Hapo ndipo inapoanza hoja ninayotaka kuijadili.

Si zamani sana, mzee mmoja wa Kilwa Masoko, mvuvi aliyepumzika kazi, alinitolea pakiti ya omeprazoli mfukoni mwake. "Mwanangu," aliniambia, "hivi ndivyo vinavyonipa usingizi." Nilipomwuliza, "Mzee wangu, uliambiwa uvitumie mpaka lini?" alicheka. Hilo hakuambiwa na mtu. Ulikuwa mwaka wa sita, naye alikuwa akijinunulia mwenyewe dukani. Sasa alikuwa amesikia kwamba dawa hiyo inakula mifupa, akataka kuvitupa vyote siku ile ile.

Omeprazoli, iliyoanza kuuzwa Ulaya mwaka 1988, ni dawa njema. Hufunga pampu ndogo zilizomo katika seli za tumbo, zile zinazotoa tindikali, na kwa njia hiyo huponya vidonda na kutuliza kiungulia. Kwa kawaida mwenye kiungulia huipewa kwa muda wa majuma manne hadi manane. Wako wanaoihitaji kwa miaka mingi, kama vile mtu aliyewahi kutokwa damu tumboni naye hana budi kumeza aspirini kila siku.

Habari ya mifupa ilipata nguvu mwaka 2006, utafiti wa Uingereza ulipoonyesha kwamba watu wenye zaidi ya miaka 50 waliotumia dawa za aina hii kwa zaidi ya mwaka mmoja walielekea zaidi kuvunjika nyonga, kwa kadiri ya asilimia 44. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo. Lakini msomaji na atafakari: mtu anayemeza dawa kwa miaka mingi mara nyingi ni mgonjwa kuliko jirani yake, na pengine ni dhaifu wa mwili. Mambo mawili kufuatana si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Hata jaribio letu la ndimu lina mpaka wake, kwani mwaka 1985 ilionyeshwa kwamba watu ambao matumbo yao hayatoi tindikali kabisa walifyonza kalsiamu kaboneti vizuri, mradi waimeze pamoja na chakula. Tumbo si bilauri.

Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi. Wagonjwa zaidi ya 17,000 wa moyo na mishipa ya damu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa ya jamii hii na wengine vidonge bandia, wakafuatwa kwa muda wa miaka mitatu hivi. Kuvunjika mifupa hakukutofautiana. Kilichozidi, tena kidogo, ni maambukizi ya matumbo. Mimi naona kwamba katika pwani ya Lindi, iliyokwisha kukijua kipindupindu, jambo hili la pili lastahili kutushughulisha kuliko la mifupa. Tindikali ya tumbo ni mlinzi wa mlango: vijidudu vingi vya kipindupindu hufia hapo, na mlinzi akilazwa vinavyopita huongezeka.

Basi mzee yule aache mara moja? La. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio la watu 120 wenye afya, wasio na kiungulia. Nusu yao walimezeshwa dawa kwa majuma manane, kisha wakaachishwa ghafula. Zaidi ya wanne katika kila kumi wakaanza kuona dalili za tindikali, ilhali miongoni mwa waliomeza vidonge bandia hawakufika wawili katika kumi. Tumbo lililofungwa pampu hujiandaa kutoa tindikali nyingi zaidi, na kifungo kikiondolewa humwaga. Mtu asiyelijua hili hudhani kwamba ugonjwa umerudi, akaenda dukani tena. Sishangai kwamba miaka sita ilipita namna hiyo.

Nilimsihi aende hospitali na pakiti yake, ili daktari aamue kama anaihitaji bado, na kama haihitaji ampunguzie kidogo kidogo. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa lake wala la dawa. Juu ya bahasha ya vidonge tumezoea kuandika "1 x 1" au "1 x 2", na mgonjwa hulifuata agizo hilo kwa uaminifu. Pangeandikwa pia tarehe ya kuacha au ya kurudi kwa daktari. Gharama yake ni wino.